AC ya gari haipoozi? Usikimbilie kujaza gesi

Washa AC, feni namba ya juu, hewa izunguke ndani kwa ndani, kisha weka kipimajoto kwenye tundu la hewa la katikati kwenye dashibodi. Kwenye jua la Dar es Salaam, nyuzi 7 hadi 12 si mbaya. Gari lililoanikwa juani lifunguliwe vioo dakika moja au mbili kwanza. Hewa ya ndani huwa moto kuliko ya nje.

Upepo ukitoka kidogo, tazama filta ya hewa ya ndani. Kwenye Toyota nyingi iko nyuma ya droo ya dashibodi na hutoka bila spana. Ikiwa nyeusi, weka mpya.

Inapoa ukiwa mwendoni lakini kwenye foleni inatoa joto? Mtuhumiwa ni kondensa, ile iliyo mbele ya rejeta na inayotoa joto la gesi nje, au feni yake. Feni isipozunguka AC ikiwa imewashwa, kagua fyuzi na rilei (swichi ya umeme inayowasha feni). Kondensa ioshwe kwa mpira wa maji wa kawaida, injini ikiwa imepoa. Mashine ya presha hukunja mapezi, yale mabati membamba ya kondensa.

Gesi haiishi kama petroli. Ikipungua, inavuja, na mara nyingi doa la mafuta kwenye maungio ya mabomba ya AC huonyesha wapi. Fundi azibe kwanza, avute hewa iliyo ndani ya mfumo wa AC kwa pampu ya vakyumu angalau dakika 30, ndipo apime gesi kwa mizani kufuata gramu zilizoandikwa kwenye stika chini ya boneti. Anayejaza kwa kukisia mkatalie: gesi ikizidi, presha hupanda, ubaridi hupungua na kompresa, pampu inayosukuma gesi, huumia.