Baiskeli Kigoma: panda Kalinzi, achana na lami

Wengi wenye baiskeli Kigoma mjini huishia Ujiji na kurudi. Ni karibu, ila bodaboda na daladala hazikupi nafasi. Mwenye miguu ashike barabara ya Manyovu kupitia Mwandiga, apande hadi Kalinzi kwenye kahawa na migomba. Ziwa Tanganyika, unakoanzia, liko mita 770 hivi juu ya usawa wa bahari na Kalinzi iko juu milimani, kwa hiyo ni kupanda tu, ondoka alfajiri.

Ukifika vijijini, ingia njia za mashambani. Gari huzioni. Kabla ya kuingia, muulize anayesukuma baiskeli yenye mikungu ya ndizi: "Shikamoo mzee, baiskeli yenye mzigo inapita huku?" Mtembea kwa miguu atakuelekeza korongoni, tena kwa roho safi kabisa.

Kushuka ndiko kunakotaka akili. Bana breki, achia, bana tena. Ukizikandamiza mfululizo, rimu inapata moto na mipira ya breki inaisha haraka. Mzigo ufunge chini, pande zote mbili za keria. Nenda Juni hadi Septemba. Wakati wa mvua tope hujaa kwenye matairi mpaka gurudumu linagoma.