Kupima nguvu ya injini kwenye daino: soma kwanza, uliza baadaye

Nimechoka kuulizwa kila wiki jinsi ya kupima nguvu ya gari kwenye daino (mashine ya kupimia nguvu ya injini), kwa hiyo naandika hapa. Nazungumzia daino ya rola, ile inayopandishwa gari zima. Inapima nguvu inayofika kwenye tairi, siyo iliyoandikwa kwenye kitabu cha gari.

1. Kagua oili, maji na tairi. Tairi iliyochoka usiipandishe.

2. Funga gari kwa mikanda. Ikaze kiasi, ukizidisha, tairi inabonyea na kula nguvu.

3. Feni mbele ya rejeta. Zima mfumo wa kuzuia tairi kuteleza.

4. Pasha moto injini na giaboksi.

5. Linganisha RPM (mizunguko ya injini kwa dakika) ya mashine na ya injini. Hapa ndipo wengi wanaharibu. Rola yenyewe haijui injini inazunguka mara ngapi, inajua kani na mwendo tu. Nguvu itatoka sahihi hata RPM ikiwa ya uongo, ila torki (nguvu ya kuzungusha, kwa Nm) inakokotolewa hivi: kW mara 9,549, gawa kwa RPM. Injini ikitoa kW 75 kwenye RPM 5,500, torki ni Nm 130. Mashine ikidhani ni 5,000, inakuandikia 143, na wewe unakwenda kujisifu. Shikilia RPM 3,000 kwenye gia utakayopimia, hakikisha skrini inasema hivyohivyo. USITUMIE gia nyingine baada ya hapo. Na usiuamini sana mshale wa RPM wa dashibodi.

6. Gia ya nne, kanyaga mafuta yote, RPM ikifika juu achia. Asisimame mtu mbele wala nyuma ya gari.

7. Rudia, ukiacha injini ipoe kila mara.

MASWALI

— Kitabu kinasema kW 100, nimepata 83. Injini imekufa?
Soma aya ya kwanza.

— Nimesoma, lakini 17 zimeenda wapi?
Giaboksi, difu, tairi. Ndiyo maana ya aya ya kwanza, mkuu.

— Kwa nini gia ya nne na siyo ya pili?
Swali zuri. Kwenye giaboksi nyingi za manyuo (za kubadilisha gia kwa mkono), ya nne iko karibu na moja kwa moja, yaani uwiano wa 1:1. Ya pili inazidisha torki, tairi inateleza kwenye rola, na RPM inapanda haraka mno hata mchoro unakosa maana.

— Ya otomatiki je?
Konveta (kiungo cha mafuta kati ya injini na giaboksi) huteleza, kwa hiyo usikokotoe RPM kutokana na rola. Ichukue kwenye injini moja kwa moja.

— Rafiki yangu ana 136, mimi 134, gari aina moja.
Ukiona hivyo uliza kipimo. kW 100 ni PS 136 (nguvu farasi za metriki), na ni hp 134 (nguvu farasi za Kiingereza). Huenda mko sawa kabisa.

— Nikipima asubuhi na mchana?
Hewa ya moto ni nyepesi, nguvu hushuka. Mashine hurekebisha namba kufuata kiwango fulani cha hewa; kile cha SAE J1349 huchukua joto la nyuzi 25 za Selsiasi. Ukilinganisha kabla na baada ya kubadilisha ekzosi, tumia daino ileile na kiwango kilekile.