Namna ya kuilinda namba yako ya simu kabla hujalinda kitu kingine

Mtu anapoamua kuimarisha usalama wake mtandaoni, mara nyingi huanza kwa kubadilisha nywila za mitandao ya kijamii au kutafuta programu ya kuzuia virusi. Hatua hizo zina maana, lakini kwa sisi wa Afrika Mashariki ninaamini pa kuanzia ni namba ya simu. Tangu M-Pesa ilipoanza Kenya mwezi Machi 2007 na kufika Tanzania mwaka uliofuata, tumezoea kuweka fedha kwenye laini. Baadaye WhatsApp ikatutambua kwa namba hiyohiyo, benki zikaanza kutuma humo tarakimu za uthibitisho, na hata barua pepe iliyosahauliwa nywila hurejeshwa kwa ujumbe mfupi. Anayeishika namba yako kwa nusu saa anaweza kuvipitia vyote hivyo kwa zamu.

Mwongozo huu ni wa mtu wa kawaida mwenye simu moja au mbili na asiye na fundi wa kumpigia. Fuata hatua kwa mpangilio nilivyoziweka, kwa kuwa zile za mwanzo ndizo zinazozipa nguvu zile za baadaye.

Kagua laini zilizosajiliwa kwa kitambulisho chako

Tanzania ilihamia kwenye usajili wa laini kwa alama za vidole, na baada ya tarehe 20 Januari 2020 laini ambazo hazikuwa zimesajiliwa kwa namba ya NIDA, yaani ya kitambulisho cha taifa, zilianza kuzimwa. Lengo lilikuwa kila laini iwe na mwenyewe anayejulikana. Hata hivyo, mfumo huo ulileta mwanya ambao mawakala wasio waaminifu waliugundua mapema: mteja anaweka kidole, anaambiwa alama haijasoma, anaweka tena, na kidole cha pili kinasajili laini nyingine ambayo hataiona kamwe. Laini hiyo ikitumika katika utapeli, jina linaloonekana ni lake.

Piga *106# na ufuate maelekezo. Utaona namba zilizosajiliwa kwa kitambulisho chako, na kama umewahi kutumia mitandao kadhaa, rudia ukaguzi kwa kila mmoja. Nchini Kenya msimbo huohuo hufanya kazi kwa mitandao mikubwa. Ukikuta namba usiyoitambua, ikatae kupitia menyu kama inaruhusu, kisha nenda na kitambulisho kwenye duka la kampuni yenyewe, si kwa wakala wa mwavuli, uombe namba hiyo ifungwe na upewe uthibitisho wa maandishi. Fanya ukaguzi huu kila baada ya miezi michache. Na siku ukiambiwa na wakala kwamba kidole hakijasoma, omba uonyeshwe kioo cha kifaa chake kabla hujaweka tena; una haki ya kujua unaidhinisha nini.

Kagua vilevile kama simu zako hazipelekwi kwingine. Piga *#21# na simu itakuonyesha iwapo simu zinazoingia zinaelekezwa kwenye namba nyingine. Ukiona namba usiyoijua, piga ##002# ili kufuta uelekezaji wote. Matapeli humpigia mtu wakijifanya wahudumu wa mtandao na kumwomba abonyeze msimbo unaoanza na *21* au **21*, wakidai kwamba wanarekebisha hitilafu. Msimbo huo huelekeza simu zake kwao, na kwa kuwa WhatsApp na huduma nyingine zinaweza kusoma tarakimu za uthibitisho kwa simu ya sauti, wao ndio watakaozisikia. Usibonyeze msimbo wowote unaoamriwa na mtu aliyekupigia.

Weka namba ya siri kwenye kadi yenyewe

Hatua hii hupuuzwa kuliko zote, nami ningependa kila msomaji aifanye leo. Wengi wetu tumeweka namba ya siri au alama ya kidole kwenye simu, tukadhani kwamba kadi ya laini nayo imelindwa. Haijalindwa. Mtu aliyepora simu kupitia dirisha la daladala hahitaji kuifungua; anaichomoa kadi, anaiweka kwenye simu nyingine, anasajili WhatsApp yako, na ndani ya dakika chache ndugu zako wanapokea ujumbe wa kuomba hela kwa dharura.

Kadi ikiwa na namba yake ya siri, kila inapowekwa kwenye simu nyingine au simu inapozimwa na kuwashwa, huidai namba hiyo kabla ya kushika mtandao. Kwenye Android nyingi mpangilio huu uko sehemu ya usalama, chini ya kufunga kadi. Kwenye iPhone uko ndani ya mipangilio ya mtandao wa simu. Utaombwa kwanza namba ya awali iliyowekwa na kampuni. Usiikisie, kwa sababu ukikosea mara tatu kadi hujifunga na kudai namba ya PUK, yaani ile ya kuifungulia kadi iliyojifunga, na ukikosea PUK mara kumi kadi hiyo haifai tena. Namba zote mbili kwa kawaida huchapishwa kwenye kipande cha plastiki kilichobeba kadi ulipoinunua. Kama ulikitupa, waulize huduma kwa wateja kabla ya kuanza. Ukishaifungua, weka namba yako mwenyewe isiyofanana na ile ya fedha za simu, na PUK uiandike mahali pa nyumbani, mbali na simu.

Ni muhimu kuelewa mpaka wa kinga hii. Inamzuia mwizi mwenye kadi yako mkononi, lakini haimzuii mtu anayekwenda kwa wakala au kumhonga mfanyakazi ili namba yako ihamishiwe kwenye kadi mpya. Uhalifu huo haubagui wajuzi na wasio wajuzi: mwezi Agosti 2019 akaunti ya Twitter ya Jack Dorsey, ambaye wakati huo ndiye aliyekuwa akiiongoza kampuni hiyo, ilitekwa baada ya wahalifu kuipata namba yake ya simu. Kwa hiyo tusimcheke jirani aliyetapeliwa, kwa maana aibu ndiyo inayowafanya wengi wakae kimya hadi muda wa kuzuia muamala upite. Nchini Kenya, wateja wa Safaricom wanaweza kupiga *100*100# ili laini yao isibadilishwe mpaka mwenyewe afike dukani. Kwa mitandao mingine, nenda uulize kama kuna kinga ya aina hiyo, na kama haipo, omba iwekwe. Kwa maoni yangu kila kampuni ingepaswa kuiwasha kinga hii kwa wateja wote tangu mwanzo, kwa sababu waliotufanya tuitegemee laini kwa kila jambo wana wajibu wa kuilinda zaidi ya kututumia matangazo ya tahadhari.

Punguza yanayotegemea ujumbe mfupi

Uthibitisho wa hatua mbili kwa ujumbe mfupi ni bora kuliko kutokuwa nao kabisa, lakini huanguka siku laini inapoanguka. Palipo na nafasi ya kuchagua, tumia programu inayozalisha tarakimu ndani ya simu, kama Google Authenticator au Aegis. Tarakimu zake hubadilika kila baada ya sekunde 30, hazipiti kwenye mtandao wa simu, na hufanya kazi hata bando likiisha. Anza na barua pepe, kwa kuwa ndiyo inayorejesha akaunti nyingine zote. Google hukupa pia misimbo ya akiba kumi ya kutumia simu ikipotea. Ichapishe au iandike kwenye karatasi na uihifadhi pamoja na vyeti vyako. Usiipige picha na kuiacha kwenye simu hiyohiyo unayohofia kuibiwa.

Kwenye WhatsApp, fungua mipangilio ya akaunti na uwashe uthibitishaji wa hatua mbili, ambao upo tangu 2017. Utachagua namba ya siri ya tarakimu sita, nayo itadaiwa kila mtu anapojaribu kusajili namba yako kwenye simu mpya. Ongeza barua pepe yako hapohapo, la sivyo ukiisahau namba hiyo utalazimika kusubiri siku saba. Kisha fungua orodha ya vifaa vilivyounganishwa na uondoe chochote usichokitambua. Mtu aliyeshika simu yako kwa dakika moja anaweza kuwa ameunganisha kompyuta yake na anasoma mazungumzo bila wewe kujua, wakati ulinzi wa usimbaji unaosifiwa, ule unaoficha ujumbe usisomwe njiani, unaendelea kufanya kazi yake kikamilifu.

Tarakimu zinazotumwa kwako usimtajie mtu yeyote, awe amejitambulisha kama mhudumu wa benki, kiongozi wa kikundi cha vikoba au rafiki wa zamani. Ujumbe wa rafiki huyo huenda umetoka kwa aliyekwisha kumtapeli yeye. Mpigie kwa namba ya kawaida na usikie sauti yake.

Dhibiti wanaoichukua namba yako

Hadi hapa tumezungumzia wezi. Lakini namba yako pia inakusanywa na watu wasio wezi: mlinzi wa jengo anayekutaka uandike jina, namba ya simu na namba ya kitambulisho kwenye daftari ambalo anayefuata ataweza kulisoma lote, duka linalotaka namba ili likupe risiti, shule inayoweka orodha ya wazazi kwenye kundi la mamia ya watu, programu ya mikopo inayodai kusoma majina yote uliyohifadhi. Tapeli anayekupigia akikuita kwa majina matatu huenda ameyapata katika mojawapo ya sehemu hizo.

Sheria ipo upande wako. Tanzania ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika tarehe 1 Mei 2023, pamoja na Tume ya kuisimamia. Kenya ina sheria yake tangu Novemba 2019 na ofisi ya Kamishna wa Ulinzi wa Data. Uganda ilitunga yake mwaka huohuo wa 2019, na Rwanda mwaka 2021. Kwa jumla, sheria hizi zinampa mtu haki ya kuambiwa kwa nini taarifa zake zinachukuliwa, kuziona, kuzisahihisha, kukataa zisitumike kwa matangazo, na kudai zifutwe pale zisipohitajika tena.

Haki hizo zina meno pale zinapodaiwa. Mwezi Septemba 2023 Kamishna wa Kenya alizitoza faini taasisi tatu kwa mpigo. Shule moja ilitozwa shilingi za Kenya 4,550,000 kwa kuchapisha picha za watoto bila idhini ya wazazi, klabu moja ya starehe ikatozwa 1,850,000 kwa kuweka picha ya mteja mtandaoni, na kampuni moja ya mikopo ya kidijitali 2,975,000 kwa kutumia majina na namba za watu ilizozipata kwa wengine na kuwatumia ujumbe wa vitisho. Kwa upande wa Tanzania, mwezi Novemba 2024 Benki Kuu ilitangaza orodha ya programu 69 za mikopo zilizokuwa zikifanya kazi bila idhini. Kabla ya kukopa, hakikisha mkopeshaji ana leseni, na programu ikiomba kusoma majina uliyohifadhi, ikatae. Namba za shangazi yako na za wafanyakazi wenzako si zako kuzitoa rehani.

Unapotaka kutumia haki hii, andika. Barua pepe fupi inatosha: "Mimi ni mteja wenu mwenye namba hii. Naomba kujulishwa ni taarifa gani zangu mnazo, mlizipata wapi, na mmezitoa kwa nani. Naomba pia namba yangu iondolewe kwenye orodha ya matangazo. Nitashukuru kupata majibu kwa maandishi." Iandike kwa upole, itaje tarehe, na uhifadhi nakala. Wasipojibu, wasilisha malalamiko kwa Tume au kwa Kamishna ukiambatanisha nakala hiyo. Nchini Kenya sheria inataka malalamiko yahitimishwe ndani ya siku 90. Mlangoni kwa mlinzi nako, uliza kwa heshima kama kitambulisho kinaweza kuonyeshwa tu bila kunakiliwa. Mara nyingi anayeandika hajawahi kuulizwa, na hana maelekezo ya kukukatalia.

Laini ikikatika ghafla

Simu ikiandika kwamba hakuna huduma ilhali walio karibu nawe kwenye mtandao huohuo wanapiga kama kawaida, usisubiri hadi asubuhi. Azima simu, piga huduma kwa wateja, uombe laini na akaunti ya fedha zifungwe mara moja, na uulize kama kuna kadi mpya iliyotolewa kwa namba yako. Baada ya hapo piga benki. Kisha ingia kwenye barua pepe kupitia kifaa kingine, toa vifaa vyote vilivyoingia, ubadilishe nywila. Waambie ndugu kwa njia nyingine wasitume hela yoyote kwenye namba yako wala kwenye namba itakayotajwa kwa jina lako.

Ujumbe wa kitapeli wa aina ya "ile hela itume kwenye namba hii" utumie Tanzania kwenda 15040, na kwa wateja wa Safaricom kwenda 333, kisha uendelee kuutunza. Fedha zikiwa zimekwisha kutoka, andika namba za kumbukumbu za miamala, saa iliyotoka kila moja, na jina la mhudumu uliyezungumza naye. Nenda nazo polisi ukapate namba ya kumbukumbu ya taarifa yako, inayoitwa RB, au OB kwa Kenya, kwa kuwa kampuni ya simu na benki zitaidai kabla ya kufuatilia. Laini yako ikirudi, sajili upya WhatsApp ili aliyemo atolewe, weka tena namba ya siri kwenye kadi mpya, na upige *106# kwa mara nyingine uone kama hakuna laini iliyoongezwa wakati hukuwepo hewani.