Tairi za Misimu Yote au za Njia Zote? Namna ya Kuchagua kwa Njia za Unguja na Pemba

Kijana mmoja anayekodisha gari kwa wageni aliniletea RAV4 yake asubuhi, tairi ya mbele kushoto imelala kabisa. Ilikuwa mpya, kashata zake (vile vipande vya mpira vilivyochongwa usoni) bado zina vile vinyweleo vya mpira vinavyotoka nazo kiwandani. Nikaifungua, nikaigeuza. Ubavuni, vidole viwili kutoka kwenye rimu, palikuwa na mpasuko wa urefu wa kidole gumba, umenyooka kama uliopigwa wembe, na ndani nyuzi nyeupe zinachungulia.

"Ami, itazibika?"

"Haizibiki, mwanangu. Pancha ya usoni naiziba. Ubavu hauzibwi."

Alikuwa ametoka Michamvi. Akaniuliza swali ninaloulizwa karibu kila wiki hapa Mwanakwerekwe: azitoe zote nne, atie zile za kashata kubwa, A/T, yaani za njia zote? Nimeona niliandike jibu lote, hatua kwa hatua. Watu wanatoa fedha nyingi kununua tairi kwa kutazama uso wake, ilhali ninazozitupa zikiwa bado mpya, nyingi zimekufa kwa ubavu.

Hatua ya 1: Ziandike njia zako

Chukua karatasi. Kwa wiki moja andika kila unakokwenda, na pembeni andika unakanyaga nini: lami, mawe, mchanga au udongo. Unguja ina urefu wa kilomita kama 85 tu, na ukienda Nungwi, Paje, Makunduchi au Kizimkazi unakwenda juu ya lami. Wengi wakimaliza kuandika wanaona wenyewe kwamba gari yao inaishi lamini, na kinachobaki ni kile kipande cha mwisho: kutoka barabara kuu hadi nyumbani, shambani au hotelini. Kipande hicho ndicho cha kukichunguza, kwa sababu hakifanani kila mahali.

Upande wa mashariki wa Unguja, kuanzia Matemwe kushuka hadi Makunduchi, chini ni jiwe la matumbawe. Likivunjika linabaki na makali, na makali hayo hayachakai haraka hata yakikanyagwa na gari kila siku. Uso wa tairi una mpira mnene na mikanda ya waya ndani, jiwe hilo unalistahimili. Ubavu wa tairi ya gari ndogo ni mpira mwembamba juu ya nyuzi, basi. Gari ikipita kandokando ya jiwe, ubavu unakwaruzwa na nyuzi zinakatika.

Mchanga wa pwani una habari nyingine. Hapo kashata kubwa hazikuokoi. Zikizunguka zinachimba, na gari inakaa juu ya tumbo lake. Kinachokutoa mchangani ni kupunguza upepo. Tairi ya psi 32 ukiishusha hadi 18, inatandaza nyayo yake ikawa ndefu na gari inaelea juu ya mchanga badala ya kuukata. Nenda polepole, usikate kona kali. Nimewatoa mchangani wenye A/T za bei kubwa kwa kushusha upepo tu, bila hata kamba.

Pemba ni vilima na udongo unaonata. Kwenye njia ndogo za mashamba ya karafuu huko Wete na Mkoani, mvua ikinyesha, tairi yenye kashata zilizobanana inajaa tope ikawa kama mche wa sabuni. Hapa A/T ina kazi ya kweli: mifereji yake mipana hulitupa tope kila tairi inapozunguka. Mtu wa Pemba anayepanda vilima hivyo masika mazima sina la kumzuia.

Hatua ya 2: Soma ubavu kabla ya kusikiliza bei

Tuseme umeandikiwa 215/70R16 100H. 215 ni upana kwa milimita. 70 ni kimo cha ubavu, yaani asilimia 70 ya upana huo. R ni namna nyuzi zilivyopangwa, na karibu tairi zote za gari ndogo siku hizi ni R. 16 ni rimu kwa inchi. 100 ni uzito, na maana yake tairi moja inabeba kilo 800. Noah nyingi hutumia 195/65R15 yenye 91, nayo ni kilo 615. H ni mwendo wa mwisho, kilomita 210 kwa saa. Mwendo huo hapa hatuna haja nao, lakini ile namba ya uzito usiishushe hata kidogo chini ya ile ya gari yako, hasa ukibeba abiria na mizigo.

Kuna alama nyingine zinazowapumbaza wanunuzi. M+S inasema tairi ilitengenezwa kwa ajili ya tope na theluji. Picha ya mlima wenye chembe ya theluji ni ya nchi za baridi. Hata hilo jina la "misimu yote" limetoka huko, kwa watu ambao vinginevyo wangebadilisha tairi wakati wa baridi. Kwetu msimu unaoijaribu tairi ni masika, Machi hadi Mei, na baadaye vuli. Kwa hiyo tafuta herufi za mshiko: AA, A, B au C. Zinapimwa kwa kufunga breki njia ikiwa imelowa, na AA ndiyo bora. Mimi B naikubali kwa shida, na C siifungi kwenye gari ya mtu ninayemjua. Tairi zenye herufi LT, za gari za mizigo, hazina alama hii, usihangaike kuitafuta.

Hatua ya 3: Ziweke mbili kando kwa kando

Mwambie muuzaji azitoe zote mbili, uzilaze chini. Pitisha kiganja juu ya ile ya misimu yote: kashata zimekaribiana, na juu yake kuna vimistari vyembamba kama vya wembe. Vimistari hivyo ndivyo vinavyoyakata maji na kuishika lami. Tairi hii haipigi kelele, ni nyepesi, inakula mafuta machache, na kwenye lami iliyolowa kwa kawaida inasimama mapema kuliko A/T. Ya A/T ina kashata ndefu zaidi zilizoachana, nyingine zinashuka hadi mabegani. Maana yake mpira unaoigusa lami ni mchache. Utaisikia ikivuma ukifika kilomita 60, na mafuta yataongezeka.

Sasa njoo kwenye jambo ambalo wauzaji wengi hawalisemi. A/T haina maana ya ubavu mgumu. Jina lile lile la tairi linaweza kuja kwa aina mbili: ya gari ndogo, ambayo ubavu wake ni wa kawaida, na LT, iliyojengwa kwa gari za mizigo, yenye ubavu mzito. Kwa macho zinafanana. Tafuta LT kwenye maandishi, kisha bonyeza ubavu kwa kidole gumba, halafu zinyanyue zote mbili, mikono itakuambia. Ila LT ni nzito, inaruka kwenye mashimo, na inataka upepo mwingi zaidi kubeba uzito ule ule. Ukiitia upepo wa tairi yako ya zamani, umeipunguzia uwezo.

Katikati kuna H/T, tairi ya barabara kwa gari za juu. Watu wanaidharau kwa sababu haina sura ya ushujaa. Kwa Prado au Escudo inayokwenda kazini na shamba mara moja kwa wiki, mimi ndiyo naipenda.

Hatua ya 4: Usipandishe saizi kwa kupenda

Piga hesabu: upana mara kimo, mara mbili, ongeza rimu (inchi moja ni milimita 25.4). 215/70R16 inatoka na kipenyo cha milimita 707. Ukitia 225/75R16 unapata 744, yaani zaidi kwa asilimia 5. Gari imenyanyuka milimita 18 tu, ambazo hata jiwe halizioni, lakini spidi mita ikisema 80 wewe uko 84, injini inavuta kwa taabu, na ukikata usukani wote gari ikiwa imejaa tairi inasuguana na mbawa. Mpaka wangu ni asilimia 3. 225/70R16 inatoa 721, asilimia 2. Hiyo inakaa.

Hatua ya 5: Tazama tarehe

Fuata neno DOT ubavuni, mwishoni kuna tarakimu nne. 2321 ni wiki ya 23 ya mwaka 2021. Wakati mwingine zimeandikwa upande mmoja tu, mwambie aigeuze. Zaidi ya miaka sita siinunui, hata kashata zikiwa nzima.

Hili nimelipata mwenyewe. Nilinunua tairi mbili za mtumba kwa duka moja, kashata nene, bei nzuri, tarehe sikuitazama. Nilikuwa nimempakia mke wangu na watoto wawili, tumepita Mahonda, nikasikia kitu kinapiga chini ya gari kama nyundo. Uso wa tairi ulikuwa umebanduka kama ganda la ndizi na umening'inia. Nilipoisoma, ilikuwa na miaka kumi na moja. Tangu siku ile kila tairi ya mtumba inayopita mikononi mwangu naikunja ubavu kwa nguvu juani; nikiona nyufa ndogo kama za tope lililokauka, naiweka kando.

Hatua ya 6: Amua

Noah, IST, Vitz, gari ya mjini na njia kuu: misimu yote, bila mjadala. Gari ya kukodisha inayokwenda mashariki kila siku: A/T ya kashata za wastani, saizi ya gari, namba ya uzito isiyopungua. Pikapu ya mizigo au ya shamba Pemba: A/T ya LT. M/T, zile za tope tupu, ziache kabisa. Kwenye lami ya masika zinateleza.

Usichanganye. Gari inayovuta kwa magurudumu yote manne inataka nne zinazofanana, hata uchakavu wake, la sivyo unaiumiza difu, zile gia zinazogawa nguvu kwa magurudumu. Kwa gari ya kawaida, ukinunua mbili, mpya zikae nyuma, kwa sababu nyuma ikiteleza dereva hana la kufanya.

Hatua ya 7: Kufunga

Rimu zetu zinaliwa na chumvi. Fundi apige brashi ya waya pale mdomo wa tairi unapokaa, ama upepo utatoka kidogokidogo kila wiki. Balansi, tairi isitetemeke ikizunguka, kisha alaimenti, magurudumu yanyooke. Nati zikazwe kwa kuvuka, moja kisha ile ya upande wa pili, na zikazwe tena baada ya kilomita 80 hadi 100, yaani ukishakwenda Paje na kurudi. Upepo upime asubuhi tairi ikiwa baridi, kwa namba iliyoandikwa kwenye mlango wa dereva; LT, kama nilivyosema, inataka zaidi.

Nirudi kwa yule kijana. Nilimwuliza alipitaje. Akasema alishusha upepo ili atoke mchangani, akatoka vizuri, kisha akaendelea hivyo hivyo kwenye mawe kwa sababu hakuwa na pampu. Tairi laini hutanua mbavu zake nje, na zile mbavu ndizo zilizoparuzwa na jiwe. Hata A/T ingeweza kupasuka pale. Tatu zilizobaki zilikuwa bado mpya, kwa hiyo nilimfungia moja ya aina ile ile, na fedha iliyobaki akanunua pampu ya kuchomeka kwenye gari. Nikamwonyesha pia: kwenye mawe lipande jiwe kwa uso wa tairi, taratibu, usilipite ubavuni. Zikimalizika hizi nne, tutazungumza habari ya A/T.