Namna ya kupima athari za kiuchumi za mkataba wa biashara huria kati ya nchi mbili

Mkataba ukishaanza kutumika, kinachotangazwa kwanza ni kwamba biashara kati ya nchi hizo mbili imepanda. Huenda ingepanda hata bila mkataba, kwa sababu uchumi ulikua, sarafu ilishuka au bei za dunia zilipaa. Na hata kama mkataba ndio ulioipandisha, bado nchi inaweza kuwa imepata hasara. Hilo la pili ndilo wachambuzi wengi wanaoanza hulipita haraka, kwa hiyo nitalipa nafasi kubwa hapa chini.

Hatua ya 1: Amua unalinganisha nini na nini

Ulinganisho halali ni kati ya uchumi wenye mkataba na uchumi uleule kama mkataba usingekuwepo. Mwaka jana na mwaka huu si ulinganisho huo. Amua pia kama unatabiri kabla ya kusaini au unatathmini baada ya miaka kadhaa, maana zana ni tofauti.

Hatua ya 2: Soma ratiba ya ushuru, bidhaa kwa bidhaa

Usianze na modeli, yaani hesabu zinazoiga uchumi. Fungua viambatisho vya mkataba na uandae jedwali: msimbo wa HS (mfumo wa kimataifa wa kuzipa bidhaa namba) wa kila bidhaa, ushuru unaotozwa sasa kwa wanachama wote wa Shirika la Biashara Duniani, ushuru nafuu kwa mshirika, na mwaka ambao punguzo litakamilika. Tumia ushuru unaotozwa kweli forodhani. Kiwango cha juu ambacho nchi imejifunga kutokukivuka mara nyingi ni kikubwa zaidi, na ukikitumia utakuza athari bila sababu.

Tofauti kati ya ushuru wa kawaida na ushuru nafuu ndiyo pengo la upendeleo. Pale ambapo ushuru wa kawaida tayari ni sifuri, mkataba hauongezi chochote upande wa ushuru, hata bidhaa hiyo itajwe kwa fahari kiasi gani kwenye hotuba. Angalia pia orodha ya bidhaa zilizoachwa nje, kwa sababu mara nyingi ndiko zilikojificha zile zenye ushuru mkubwa.

Jihadhari na wastani wa ushuru uliopimwa kwa thamani ya uagizaji. Bidhaa yenye ushuru mkali kiasi cha kuzuia biashara kabisa huingia kwenye hesabu kwa uzito wa sifuri, ilhali ndiyo ingefunguka zaidi.

Hatua ya 3: Kusanya takwimu za biashara

UN Comtrade, hifadhidata ya biashara ya Umoja wa Mataifa, na mfumo wa takwimu za biashara na ushuru wa WITS wa Benki ya Dunia vinatosha kuanzia. Tarakimu sita za kwanza za msimbo wa HS ni za pamoja duniani. Zinazofuata kila nchi hujiwekea. Misimbo ilirekebishwa 2012, 2017 na 2022, hivyo oanisha matoleo kabla ya kuunganisha miaka. Takwimu za nchi inayoagiza kwa kawaida zinaaminika zaidi, kwa kuwa forodha huzifuatilia ili ikusanye ushuru. Kumbuka tu kwamba thamani ya uagizaji mara nyingi hujumuisha bima na usafirishaji, na ya mauzo ya nje haijumuishi.

Hatua ya 4: Tenganisha biashara mpya na biashara iliyohamishwa

Mchumi Jacob Viner alionyesha mwaka 1950 kwamba upendeleo huzaa vitu viwili: biashara ambayo haikuwepo, na biashara inayohama kutoka kwa muuzaji nafuu wa nchi ya tatu kwenda kwa mshirika aliye ghali zaidi.

Chukua mfano wa kubuni. Nchi ya tatu inauza kwa 100, mshirika kwa 110, ushuru ni asilimia 25, na hakuna mzalishaji wa ndani. Kabla ya mkataba, bidhaa ya nchi ya tatu inamfikia mnunuzi kwa 125 na ya mshirika kwa 137.5. Zinaagizwa 1,000 kutoka nchi ya tatu, na hazina inapata 25,000. Mkataba unaondoa ushuru kwa mshirika pekee. Sasa bei yake ni 110, wanunuzi wanahamia kwake, na kiasi kinafika 1,200.

Wanunuzi wanapata nafuu ya 15 kwa kila moja ya zile 1,000 za awali, yaani 15,000, pamoja na nusu ya 15 kwa kila moja ya 200 za nyongeza, yaani 1,500 (nusu, kwa kuwa wanunuzi wa nyongeza walikuwa tayari kulipa kati ya 110 na 125). Jumla ni 16,500. Hazina imepoteza 25,000. Biashara na mshirika imetoka sifuri hadi 1,200, na nchi imepungukiwa na 8,500.

Sasa shusha ushuru wa kawaida hadi asilimia 8: bidhaa ya nchi ya tatu inamfikia mnunuzi kwa 108, chini ya 110 ya mshirika, na hakuna anayehama. Ndiyo maana napendekeza kila tathmini ijaribu pia hali ambayo ushuru kwa nchi nyingine zote umepunguzwa. Kama bidhaa inazalishwa ndani, ongeza hasara ya wazalishaji kwenye hesabu.

Hatua ya 5: Chagua modeli inayolingana na swali

Kwa utabiri wa bidhaa chache, modeli ya soko moja moja, kama SMART iliyomo ndani ya WITS, inatosha. Inakupa mabadiliko ya uagizaji na mapato ya ushuru, lakini haioni ajira na mitaji ikihama kati ya sekta. Kwa hilo unahitaji modeli ya uchumi mzima, na wengi huijenga juu ya hifadhidata ya GTAP ya Chuo Kikuu cha Purdue.

Kwa tathmini ya baadaye tumia modeli ya mvutano, ambayo mchumi Jan Tinbergen aliitumia kwa biashara mwaka 1962: biashara huongezeka kwa ukubwa wa chumi mbili na hupungua kwa umbali. Nchi husaini mikataba na wale ambao tayari wanafanya nao biashara sana, kwa hiyo dhibiti (yaani ondoa athari zake kwenye hesabu) sifa za kudumu za kila jozi ya nchi, na za kila muuzaji na kila mnunuzi kwa kila mwaka. Wachumi Baier na Bergstrand walipofanya hivyo mwaka 2007, walikuta kwamba kwa wastani mkataba huongeza biashara ya wanachama karibu maradufu baada ya miaka 10. Usiitupe miaka yenye biashara sifuri. Mbinu ya kitakwimu ya Poisson waliyoipendekeza wachumi Santos Silva na Tenreyro mwaka 2006 huishughulikia vizuri.

Hatua ya 6: Kagua kama upendeleo unatumika

Bidhaa hupata nafuu pale tu inapokidhi vigezo vya uasili, yaani masharti ya kuhesabiwa kuwa imetoka nchi mshirika, na kuwa na uthibitisho wake. Pengo la upendeleo likiwa pointi 2 au 3 za asilimia, waagizaji wengi huona bora walipe ushuru wa kawaida kuliko kuhangaika na makaratasi. Omba forodha takwimu za uagizaji ulioingia kwa ushuru nafuu, ugawanye kwa uagizaji wote uliostahili. Modeli inayodhani asilimia 100 inakuza kila kitu.

Hatua ya 7: Tikisa matokeo

Rudia hesabu kwa unyumbufu (kiasi ambacho ununuzi hubadilika bei ikibadilika) mdogo na mkubwa, kwa matumizi kamili ya upendeleo na kwa nusu yake. Toa matokeo kama masafa, kutoka kiwango cha chini hadi cha juu, ukitenganisha wanunuzi, wazalishaji na hazina, mwaka kwa mwaka kufuatana na ratiba ya punguzo, na uambatanishe jedwali la hatua ya 2 ili anayetilia shaka aweze mwenyewe kurudia hesabu yako.