Kuufanya Mpito wa Rangi Uandame Mstari Uliopinda katika Inkscape

Mpito wa rangi, yaani rangi moja kugeuka polepole kuwa nyingine, ni kazi nyepesi katika Inkscape, programu ya kuchorea kwa kompyuta, ukiwa ndani ya mraba au duara, lakini huleta taabu mara tu unapotaka uandame mstari uliopinda tangu mwanzo wake hadi mwisho. Tuchukue ramani ya Mto Tana, ambao tunataka uwe wa bluu unakoanzia katika safu ya Aberdare na wa njano unakomwaga maji katika Ghuba ya Ungwana. Ukiuchora mto huo kwa kalamu ya Bezier, kifaa cha kuchora mistari iliyopinda (kitufe B), na kuupa mpito wa kawaida kutoka kaskazini hadi kusini, programu itapaka rangi kwa kufuata mshale ulionyooka, wala haitajali mto unapita wapi. Tana huuzunguka Mlima Kenya kwa upande wa kusini, hupanda tena kuelekea kaskazini-mashariki, na ndipo huteremka hadi baharini. Kwa hiyo Garissa, iliyo karibu latitudo moja na chanzo, itapata rangi ileile ya chanzo ingawa maji yamekwisha kusafiri mamia ya kilomita. Ramani ya namna hiyo humdanganya msomaji.

Sababu ni kwamba SVG 1.1, umbizo la faili za michoro ambalo Inkscape imejengwa juu yake, lina aina mbili tu za mpito: ule ulionyooka na ule wa mviringo. Adobe Illustrator, programu nyingine ya kuchorea, ilipata mpito unaoandama mstari katika toleo la CS6 la mwaka 2012. Inkscape ina mpito wa wavu (mesh), ambao rangi zake huwekwa kwenye makutano ya wavu, tangu toleo 0.92 la mwaka 2017, lakini vivinjari vya intaneti haviutambui vyenyewe. Njia ninayoiamini ni kuunda utepe wa vipande vingi vyenye rangi moja moja, kisha kuupinda utepe huo juu ya mto.

Chora mstatili mmoja wenye upana wa pikseli 4 na kimo cha pikseli 12, usio na mstari wa pembeni, na uupake bluu. Urudufu mara mbili, na uweke ukingo wa kushoto wa nakala ya kwanza pikseli 120 kulia kwa ule wa awali, na wa nakala ya pili pikseli 240. Wa mwisho uwe wa njano. Wa kati upake kijani, na hatua hii usiiruke: bluu halisi (0000ff) na njano halisi (ffff00) zikichanganywa nusu kwa nusu kwa hesabu ya RGB (nyekundu, kijani na bluu) hutoa kijivu, na katikati ya mto wako kutakuwa na kiraka kilichofifia kama cha tope.

Chagua mistatili yote mitatu, uigeuze kuwa njia (path) kwa Shift+Ctrl+C, kisha fungua "Extensions", "Generate from Path", "Interpolate", ambayo huunda vipande vya kati baina ya mistatili. Weka hatua 39, washa chaguo la kubadilisha mtindo pamoja na umbo, na lile la kurudufu njia za mwisho. Hatua 39 huzaa nafasi 40 za pikseli 3 kila moja, ilhali kila kipande kina pikseli 4. Ile pikseli moja ya kulaliana ndiyo inayozuia vijistari vyeupe ambavyo hujitokeza kila vipande vinapogusana ukingo kwa ukingo. Futa mistatili ya awali, na uyafunge makundi yaliyopatikana kuwa kundi moja kwa Ctrl+G. Ukitaka mto upenyeze ramani iliyo chini yake, punguza uzito wa rangi (opacity) wa kundi zima, kwani ukipunguza wa kipande kimoja kimoja, sehemu zinazolaliana zitaonekana kama michirizi.

Sasa utepe uwe juu ya mto katika mpangilio (kitufe Home), uchague vyote viwili, na ufungue "Pattern along Path" katika menyu ileile ya "Extensions". Kuna athari ya njia (path effect) yenye jina hilohilo mahali pengine, lakini hiyo haitunzi rangi za kundi. Chagua "Single, stretched" ili utepe uvutwe urefu wote wa mto mara moja, na "Snake" ili vipande vigeuke pamoja na kona. Unene hubaki pikseli 12.

Ikiwa njano imeangukia mlimani, tengua, geuza mwelekeo wa njia ya mto kwa Shift+R, na urudie. Ikiwa utepe umejikunja kwenye kona kali, nusu kipenyo cha kona hiyo ni chini ya pikseli 6, yaani nusu ya unene wa utepe. Lainisha nodi (vituo vya mstari) za hapo au punguza kimo cha mistatili. Utepe uliokwisha kupindwa hauandami tena mto ukihamishwa, kwa hiyo tunza njia ya mto na utepe ulionyooka katika tabaka lililofichwa.