Kutengeneza filamu yako mwenyewe ukiwa mtu mzima na ratiba imejaa

Wenye miaka hamsini na kwenda juu wakitaka kuanza filamu swali la kwanza huwa ni ninunue kamera gani. Acha kamera kwanza. Swali ni wiki yako ina masaa mangapi ya kweli. Toa kazi, toa wajukuu, toa mgonjwa unayemuuguza, toa vikao vya ndugu, ukibakiwa na Jumamosi asubuhi mbili kwa mwezi basi hiyo ndo bajeti yako, na skripti (maandishi ya filamu yako) iandikwe kufuatana na hiyo, sio unaandika kwanza alafu unaanza kuhangaika utaishuti lini.

Na hili la kusema umri umeenda tuliache. Yule Mreno Manoel de Oliveira alizaliwa 1908 na aliongoza filamu mpaka akavuka miaka 100, sasa wewe wa 58 unamlilia nani?

Ukurasa mmoja wa skripti iliyopangwa vizuri ni kama dakika moja ya filamu, kwa hiyo andika kurasa 4 basi. Watu wawili, sehemu moja, mchana. Usiku unataka taa, na watoto wadogo na wanyama wanakula muda balaa. Mfano: mama anarudi nyumbani, ufunguo hauingii kwenye kitasa, na ndani anasikia mtu anaosha vyombo. Hapo tayari mtazamaji anataka kujua kuna nini. Shoti, yaani vipande utakavyorekodi kimoja kimoja, ni mkono unaohangaika na ufunguo, uso wake anavyoshtuka, kitasa kipya kinachong'aa kwenye mlango uliochakaa, sikio mlangoni, alafu moja pana kutoka mwisho wa korido. Shoti tano, asubuhi moja, unamaliza kabla mgongo haujaanza kulalamika. Orodha yake iandike kwenye karatasi kwa herufi kubwa, manake simu ndo kamera na hutaki kuwa unaivuta kila dakika kuangalia kinachofuata, mara uvae miwani mara uvue.

Simu nzuri ya kawaida inatosha. Weka fremu (picha) 24 au 25 kwa sekunde, fokasi na mwanga uvifunge visibadilike katikati ya shoti, zima mawasiliano yote ili asije mtu kukupigia katikati ya kilio cha muigizaji, na tumia tripodi, mikono yetu haijatulia kama zamani tusidanganyane. Video ya 4K ina pikseli (vidoti vinavyounda picha) mara 4 ya ile ya kawaida ya 1080p, kwa hiyo kama laptopu yako ni ya siku nyingi shuti 1080p tu uwe na amani.

Sauti ndo inaua filamu nyingi za wanaoanza. Picha ikiwa na giza kidogo watu watavumilia, ila maneno yasiposikika wanafunga. Kama huna maiki ya kubana kwenye nguo chukua simu ya pili, washa rekoda, ifiche karibu na anayeongea, nyuma ya kikombe au mfukoni kwenye shati, alafu mwanzo wa kila shoti piga kofi moja mbele ya kamera, ule mlio ndo utakusaidia kuoanisha sauti na picha wakati wa kuediti. Zima feni, zima friji (funguo za gari ziweke humo humo ndani ya friji, hutaondoka bila kukumbuka kuiwasha, huu ni ujanja wa siku nyingi wa watu wa sauti). Kabla hamjatawanyika wote mnyamaze nusu dakika urekodi ukimya wa chumba, utauhitaji kuziba mapengo.

Kwenye watu ndo sisi tunawashinda vijana. Umeshasimamia misiba na harusi, unajua kumtuliza mtu na kumwambia fulani rudia bila kumvunja moyo. Waombe watu muda mfupi na uuheshimu, ukisema saa tatu mpaka saa sita basi saa sita waachie, wape chakula hata kama hakuna hela, na wasaini karatasi ya ruhusa ya kutumia sura na sauti zao. Kijana wa kubeba vitu mtafute mapema, usijifanye chuma.

Kuediti usikufanye kwa mkupuo mmoja. Programu kama DaVinci Resolve ina toleo la bure, inatisha ukiifungua mara ya kwanza lakini wewe unahitaji kukata, kupanga na kusawazisha sauti, mengine yote yapotezee. Nusu saa kila asubuhi kabla nyumba haijaamka inasogeza kazi kuliko usiku mzima wa Ijumaa ukiwa umechoka. Muziki tumia wenye leseni au mwambie mtu unayemjua akupigie gitaa, ule wa redioni utakuletea kesi.

Ukimaliza usikimbilie kuirusha mtandaoni siku hiyo hiyo, kuna matamasha ya filamu hayapokei filamu ambayo tayari iko wazi kwa kila mtu, soma masharti yao kwanza. Na klipu zote weka kopi mbili kwenye hard disk tofauti, moja ikakae kwa mtu mwingine kabisa, sio droo moja na ya kwanza.